Malalamiko Kuhusu Klachi Inayotengenezwa kwa Simu

Kwa Mkuu wa Gereji (ambaye pia ni mdogo wangu wa tumbo moja)

Ndugu Fundi,

YAH: KLACHI YA PIKIPIKI YANGU NA MTINDO WAKO MPYA WA KUNIELEKEZA NIITENGENEZE MWENYEWE NYUMBANI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, mikono imejaa grisi kama kawaida. Mimi sijambo, isipokuwa kidole gumba. Ninakuandikia rasmi kwa sababu nimekuwa karani wa masjala maisha yangu yote, na kwangu jambo lisiloandikwa halijatokea.

Tangu uhamishie gereji upande wa pili wa mji, kila klachi ikisumbua unaniamuru niweke simu sikioni, nishike spana na nikufuatishe. Zamani ulikuja mwenyewe, ukachutama barazani, chai ikapoa pembeni yako. Kwa heshima zote, ninalalamika kama ifuatavyo:

1. Uliniambia nilegeze nati ya waya wa klachi "kidogo". Ndugu yangu, kidogo ni kiasi gani? Nililegeza kidogo cha kwangu, nikawasha, nikatia gia. Pikipiki ikaondoka. Mimi nikabaki nimesimama, miguu imepanuka kama mtu anayepimwa suruali. Ilisimamishwa na kamba ya nguo ya jirani yetu mshonaji, na gauni la mteja wake sasa lina alama ya tairi mgongoni. Nilimshauri aiite nakshi. Hajanisalimia tena.

2. Uliagiza sahani mpya za klachi zilowekwe kwenye mafuta kabla ya kufungwa. Hukutaja mafuta gani. Nilichukua yaliyokuwa karibu, ya kupikia, nikatumia sufuria ya shemeji yako. Aliporudi kutoka kazini alifunua, akatazama, akaniuliza kwa upole kama ninazitaka kavu au za mchuzi. Upole ule ndio ulionitisha.

3. Springi moja iliruka. Tuliitafuta nyumba nzima, tukainua hadi kabati. Ilipatikana ndani ya kiatu changu cha kuendea harusi, na aliyeigundua ni mimi, kwa kisigino, tukiwa tayari tunawasalimu wakwe. Walidhani nimeguswa sana kuwaona.

4. Hili ndilo kubwa, na ningeanza nalo kama ningekuwa na ujasiri. Simu yako ina mwisho mbaya. Klachi ikishashika tu, unasema umepata mteja, unakata. Zamani klachi ikishashika ndipo mazungumzo yalipoanza! Ulinicheka, ukanisimulia ya gerejini, ukamaliza chakula kilichobaki bila kuombwa. Nimekukosa, mdogo wangu, na sioni aibu kuliandika hilo kwenye barua rasmi.

Najua utasema nimejipalia makaa mwenyewe. Kweli, ila mchuma janga hula na wa kwao. Kwa hiyo ninaomba uje wewe mwenyewe, usimtume mtu. Ushinde hapa siku nzima kwa uchunguzi. Ikibidi ulale, maana klachi ya aina hii huzidiwa jioni. Ikiwezekana, urudishe gereji yako upande huu wa mji. Nipo tayari kuhamisha kitanda changu ili upate nafasi ya kuweka injini. Usipotekeleza, nitalipeleka suala hili ngazi ya juu, yaani kwa shangazi, na unajua hukumu za shangazi hazina rufaa.

Wasalimie mkeo na watoto, mafundi wenzako wote, na hata yule mteja anayefika kila tukianza kuongea.

Ni mimi kaka yako, mwenye kuteseka kwa ajili ya nati moja,

Karani Mstaafu

Tanbihi: Shemeji yako amekataa kuituma barua hii mpaka niseme ukweli. Klachi ilipona mara ya pili tu uliponielekeza. Wewe ni mwalimu hodari hata kwa simu. Tangu hapo kila nikiamka nailegeza ile nati mwenyewe, kisha nakupigia. Uongo ukakua, ukanifikisha hadi kwenye sahani na springi, na hizo nazo ulinielekeza nikazifunga sawasawa. Pikipiki ni nzima kabisa, leo shemeji yako ameiendesha hadi kazini akarudi. Wanasema mkono mtupu haulambwi. Wewe njoo nao hivyo hivyo, bila spana.