Nililia, Nilicheka, Nilikasirika

Jumatatu, 2 Juni
Nimeanzisha klabu ya wasomaji! Mwenyekiti: mimi. Sababu rasmi ni kuinua usomaji hapa Somanda. Sababu halisi ni Kabula wa duka la dawa, jirani na kibanda changu cha kutengeneza redio. Simu zangu hapokei, ila vitabu haviachi. Nimewapa wanachama riwaya ya zamani ya kuchekesha niliyoiokota mnadani, haina hata jalada. Watapokezana. Mimi sijaisoma. Mwenyekiti ana majukumu mengi.

Jumatano, 4 Juni
Kabula amemaliza. Macho mekundu! Kitabu cha kuchekesha, yeye amelia. Kumbe kinamhusu bwana mmoja anayechumbia mabinti watatu kwa mpigo, na humwambia kila mkwe lile mkwe huyo analotaka kusikia. Kabula anasema watu wanamcheka yule bwana, lakini nani anawafikiria wale mabinti? Nikamwambia hata mimi nililia. Akauliza sehemu gani. Nikasema kote. Akaniangalia kwa huruma, akanimiminia karanga kiganjani. Karanga zake mwenyewe! Mambo yanaiva.

Ijumaa, 6 Juni
Muksini wa duka la vitenge naye kasoma. Anacheka huku kashika meza. Eti bwana harusi alijificha kwenye gunia la pamba, likapandishwa kwenye mizani, gunia likapiga chafya! Anasema asiyecheka hapo apelekwe hospitali. Nikamwambia nilicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni. Papo hapo akanipa spika lake la matangazo nilitengeneze. Kazi hiyo angempa Method, yule fundi wa stendi asiyejua kushika hata koleo. Pole, Method.

Jumamosi, 7 Juni
Mzee Ngassa, katekista mstaafu. Nikamwamkia "Mwadela, baba." Alikiweka kitabu mezani kama anarudisha nyama iliyooza. Katekista wa kwenye hadithi anakimbizwa na ng'ombe, anatumbukia kwenye samadi akiwa na kanzu! Mzee anasema ni matusi. Nikasema mimi nilikasirika hadi nikatafuta kiberiti. Akanishika mikono yote miwili, akasema nimelelewa. Wote watatu ninao. Akili hii, wengine wanaisomea.

Jumapili, 8 Juni
Kikao cha klabu, kwenye mgahawa wa Mama Shifa. Chai, maandazi, maangamizi.
Mzee Ngassa alifungua kwa kunisifu: kijana huyu alitaka kukichoma! Muksini akashangaa. Kristofa huyu huyu aliyecheka mpaka majirani wakaja? Kabula akaweka kikombe chini. Polepole sana.
"Mimi aliniambia alilia," akasema. "Kote."
Nikaeleza kwamba msomaji makini anaweza kufanya yote hayo kwa zamu. Kabula akauliza: pale wakwe wote watatu wanapokutana mlangoni siku ya harusi, nilifanya lipi?
Nikasema, "Wakwe wamekutana?"
Walicheka! Mzee Ngassa alicheka mpaka akaishiwa pumzi, Mama Shifa akampigapiga mgongoni. Muksini akasema hii imekishinda kitabu. Kisha wakanisahau kabisa. Wakaanza kubishana, Kabula akiwatetea mabinti, Mzee akikiri kwamba aliwahi kumwona katekista akitumbukia kweli, na hakujua acheke au asali. Ubishi mtamu. Hakuna aliyemkubalia mwenzake, na hakuna aliyetaka kuondoka. Kabula kachaguliwa mwenyekiti. Spika limeenda kwa Method.
Wakati wa kutoka, Kabula alinirudishia kitabu. "Ungesema tu hujasoma, Kristofa," akaniambia taratibu. "Ningekusomea."


Jumanne, 10 Juni
Nimekisoma chote. Sikucheka. Yule bwana hana uhalisia hata kidogo. Mtu mzima gani atamkubalia kila anayekutana naye, asifikirie kwamba siku moja watakaa meza moja? Mwandishi hawajui binadamu.
Mchana kapita Precious, mwalimu mpya aliyehamia kutoka Mwanhuzi. Redio yake inakwaruza. Ana tabasamu, acha tu! Akakifungua kitabu, akakitambua. Akasema alipewa akisome zamani, kikamchosha, akasinzia ukurasa wa pili.
Nikamwambia hata mimi. Nilikoroma.