Yassine Mfunga-Mafundo na Mzee Aliyelala Nyuma ya Depo

Sogeeni, enyi wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile. Wekeni chini vikapu, zimeni pikipiki, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwani ninayoyaleta hayataki kukatwa katikati. Nawasimulia vita vya Yassine bin Soudi, karani wa Kindu, Mfunga-Mafundo, mwepesi wa vidole na mzito wa moyo, aliyevuka mto Lualaba mchana kweupe akaenda kumuuliza mama mkwe wake swali moja. Ewe Mola, Mjuzi wa yaliyofichika, ushike ulimi wangu usitie chumvi. Na ukitia, iwe ya kukolea tu.

Ilikuwako, na ingaliko, kampuni kubwa mno, yenye mashua mtoni, mitambo ya mawese na maghala kuanzia Kindu hata Kailo na Kalima. Ukubwa wake ndio uliokuwa ugonjwa wake. Karakana ilikiita kitu jina moja, ghala likakiita jingine, watu wa mashua wakakipa la tatu, na kila idara ikalificha daftari lake kama mwari wa harusi. Mkuu akiuliza zimebaki mota ngapi, alipewa majibu matatu na watu watatu walionuniana. Ndipo akashuka kwa ndege kutoka Kinshasa Injinia Aimé, bwana wa kompyuta mbili na mwavuli mmoja, akauleta mtambo wa maarifa. Mtambo huo haukuhesabu vitu, ulivijua: ukiuambia kwamba majina haya mawili ni ya kitu kimoja, kwamba kitu hiki ni kiungo cha kile na hukaa mahali fulani, ulikaa ukatafakari, kisha ukatamka hata lile ambalo hukuuambia. Kila uhusiano wa namna hiyo uliitwa fundo, na wa kuyafunga aliteuliwa Yassine.

Naye akafunga. Kwa miezi saba, Simba wa Kibodi alifunga mafundo elfu nne mia tatu na kumi na moja, akiwapatanisha mafundi na makarani ambao hawakuwa wamesalimiana tangu wapate ajira. Hakuogopa daftari lililoliwa na mchwa wala mkuu wa idara aliyeliwa na wivu. Kitu kimoja tu alikiogopa, nacho tutakifikia.

Likafika daftari la Kalima la miaka ya vita. Ndani yake, kwa mwandiko ulionyooka, iliandikwa: majeneza matatu, sanda saba, marashi ya maiti madebe manne, na katika mstari wa mwisho, mzee mmoja, amelazwa nyuma ya depo, uso kibla. Yassine akaulisha mtambo maneno hayo kama alivyoyakuta. Mtambo ukatafakari kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, ukahukumu: penye majeneza, sanda na marehemu ni makaburini; basi depo ya Kalima ni makaburi, na mtunza ghala wake ni mlinzi wa makaburi. Aimé alicheka mpaka akavua miwani. Yassine hakucheka, kwa sababu mtunza ghala huyo alikuwa Zainabu, mama wa mke wake.

Katika miaka ile ile, pampu kubwa ya Kalima ilitoweka, na tangu hapo, kwa zaidi ya miaka ishirini, Kindu nzima ilisema Zainabu aliila. Eti aliwapa askari, akapata alichopata. Kampuni ilimfukuza kwa barua ya mistari miwili. Sasa Aimé alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa saa sita mtambo utafungwa na kutumwa matawi yote, na kila kisicho na fundo kitaandikwa kimepotea, na kilipotea mikononi mwa nani. Uvumi huzeeka na wanaouvumisha, lakini mtambo hauzeeki. Yassine aliwawaza wanawe wakikua, wakiajiriwa, wakilisoma jina la bibi yao katika mstari ule, akaona uchungu; na kwa kuwa daftari lile halikutaja pampu popote, dalili pekee aliyobaki nayo ilikuwa mzee yule.

Mtaniambia, si angemuuliza Zainabu mwenyewe? Mnasema hivyo kwa kuwa hamkuoa katika ukoo ule. Huko mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye ana kwa ana mpaka mama mwenyewe amfungulie mwiko huo, na Zainabu hakuwahi kumfungulia mtu. Kwa miaka kumi na mmoja Yassine aliijua miguu yake tu, na pindo za vitenge vyake. Hiki ndicho kitu alichokiogopa. Akambembeleza mkewe, Salama, amwulizie, lakini Salama alikuwa anachambua mchele na hakuinua kichwa.

"Hapana, Yassine. Mimi niko mutoto yake. Nikimuuliza, ataona hata nyumba yake inamushuku. Kampuni njo ilimutupa, kampuni njo imuulize. Na leo kampuni njo wewe."

Basi Alhamisi asubuhi shujaa akajizatiti. Akavaa shati lililopigwa pasi mara mbili, akatia mfukoni kalamu ya rangi mbili, akabeba daftari kifuani mithili ya ngao, na mkono wa kushoto kilo moja ya sukari, kwani mkwe haendi mikono mitupu. Akavuka Lualaba kwa mtumbwi, ameukaza uso kiasi kwamba mpiga kafi alimpa pole akidhani amefiwa. Huko Alunguli alimshinda bata dume aliyeziba njia, akafika kwenye ua wa Zainabu, akakohoa. Ndani mchi ulikuwa ukitwanga sombe, majani ya muhogo. Akaona kiti cha plastiki cha buluu, akakigeuza kielekee ukuta, akaketi ameupa ua mgongo, akaanza kuhutubia matofali.

"Mama, wewe uliyenipa Salama, sikuja kwa kiburi. Macho yangu yanaona ukuta yako tu. Kampuni imenituma, na moyo wangu umenituma mbele yake. Sina jibu mukononi, niko na swali moja: yule muzee analala nyuma ya depo ya Kalima njo nani?"

Mchi ukanyamaza. Yassine akahesabu matofali, akafika sitini na mawili, jasho likimtiririka hadi kiunoni.

"Miaka yote ile watu walikuja hapa na jibu," sauti ikasema nyuma yake. "Askari, wakubwa wa kampuni, majirani. Hata mumoja hakuleta swali. Wewe umeleta, nitakujibu."

Akamweleza. Vita vilipokaribia, mkuu wa depo alikimbilia msituni akamwachia funguo. Wanyang'anyi wa kwanza walipofika waliliomba daftari, wakalisoma, wakachukua kilichoandikwa, wakaahidi kurudi. Zainabu akajua kwamba mtu mwenye bunduki huchukua kila kitu ila jeneza, maana huogopa lisije likawa linamngoja yeye. Akaandika upya: masanduku ya vipuri akayaita majeneza, mikanda ya mashine sanda, mafuta marashi. Pampu ilikuwa kubwa mno kwa jeneza lolote. Yeye na wanawake wawili wachukuzi wakaipaka grisi, wakaifunga turubai, wakaizika, wakainua tuta na kusimika kibao. Majeshi matatu yalipita pale, na yote yalivua kofia. Amani iliporudi, akangoja mtu aje kumpokea amana ya kampuni. Ikaja barua ile ya mistari miwili.

"Muzee njo pompi," akamaliza. "Nilimupaka grisi kilo sita. Iko muzima kuliko wale walinifukuza."

Yassine alimpigia simu Aimé palepale, akiwa bado ameuelekea ukuta, na Aimé akapiga Kalima. Huko mlinzi Ayoubu akagoma kuchimba. Alikuwa amelifagia kaburi lile miaka kumi na mitano, na kila Ijumaa alimsomea mzee Fatiha. Ilibidi imamu aitwe, na kesho yake saa nne jembe likagonga chuma. Pampu ikatoka inang'aa, haina hata doa la kutu. Ayoubu aliuliza jambo moja tu kwa simu: zile Fatiha zake zote zilikwenda wapi. Yassine akamjibu kwamba waliokufa miaka ile bila kaburi wala jina ni wengi, hata moja haikukosa mwenyewe.

Saa sita kasoro dakika ishirini, mbele ya Aimé na idara zote zilizonuniana, Yassine akafunga fundo la mwisho: mzee huyu na pampu ile ni kitu kimoja. Mtambo ukatafakari. Fundo likavuta fundo, majeneza yakawa masanduku, sanda zikawa mikanda, Kalima ikaacha kuwa makaburi. Na kwa kuwa aliyekabidhiwa kitu, kikaonekana kizima, si mpotezaji, mtambo wenyewe ukaandika mbele ya jina la Zainabu: mhifadhi.

Yassine akaichapa karatasi, akavuka mto tena, akaketi kwenye kiti kile kile, uso ukutani, akasoma.

"Soma tena," sauti ikasema. Akasoma. Ikaomba mara ya tatu, naye akasoma polepole, neno moja moja.

"Mukwe wangu," Zainabu akasema, "geuza kiti."

Basi na iandikwe, isomwe katika mitaa ya Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na watoto waikariri kabla ya kujua vita vya wafalme: siku ya Ijumaa, baada ya swala, kiti kimoja cha plastiki cha buluu kiligeuzwa, na Yassine bin Soudi, mshindi wa fundo la elfu nne mia tatu na kumi na mbili, akauona uso wa mama mkwe wake. Ulikuwa uso wa Salama, umezeeka, umelowa machozi. Wakala sombe wakitazamana.