Ng'ombe Hawakujaza Dodoso

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hajafika ila kiti chake kipo na kimefunikwa kitambaa. Waheshimiwa viongozi wa dini mliotuombea na mtakaotuombea tena tukimaliza. Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, makatibu wastaafu na wanaotarajia kustaafu. Wazee wetu kutoka Butiama na Nyamuswa. Wanafunzi sita wa chuo kikuu mlioko fildi ofisini kwangu. Akina mama wa Bweri, ambao najua mmeacha dagaa juani. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Nasimama mbele yenu mimi, Boniphace Mihayo, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kuandaa Kamati ya Usafiri Endelevu, Jumuishi na Shirikishi. (Makofi, safu ya mbele.)

Ndugu zangu, wiki nane zilizopita nilisema, na kumbukumbu zipo, kwamba mji wa Musoma hauwezi kuendelea kutegemea bodaboda wakati vijana wasomi wapo, na kwamba vijana hao lazima washirikishwe kudizaini mfumo wa mabasi ya umeme yatakayotoka Bweri hadi mjini, yapite mlangoni kwa kila mtu, na hatimaye, katika awamu ya nne, yafike Bunda. Na nililisema hilo kabla sijajua basi la umeme linachajiwa wapi, maana kiongozi lazima atangulie. (Mzee mmoja: "Hapo sawa.")

Sasa nije kwenye data. Katika upembuzi yakinifu tulioufanya pale njia panda kwa asubuhi nzima bila kupumzika, isipokuwa kwa chai, tumebaini kwamba asilimia sabini na moja ya watumiaji wa barabara wanatembea kwa miguu minne. (Kicheko.) Msicheke, hiyo ni sayansi. Hao ni ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyejaza dodoso, jambo linaloonyesha wazi pengo la uelimishaji katika ngazi ya chini.

(Binti anasimama nyuma.) Naona mkono. Huyu ni Rhobi, kiongozi wa wanafunzi wangu. Sema, mwanangu.

("Shikamoo, mheshimiwa. Ile siku ilikuwa ya mnada. Tulikuambia tuhesabu siku nyingine, ukasema siku zingine unakuwaga na vikao. Na chuo kinataka ripoti ya fildi Ijumaa. Tusipokuwa na mradi wa kuandika, wote sita tunarudia mwaka. Tunaomba hata hiyo ramani ya njia za mabasi.")

(Mama mmoja: "Mjibu mtoto.")

Namjibu, mama Adventina, tulia. Kwanza, marahaba. Pili, ng'ombe wa mnada naye ni mdau, tena wapo waheshimiwa hapa mbele ambao mifugo yao ilihesabiwa na hawajalalamika. Na ramani, mwanangu, ipo katika hatua za juu kabisa za kufikiriwa. Hawa vijana msiwaone hivi. Kwa wiki nane wamejengewa uwezo: wameandika majina ya wageni, wamefunga turubai, wamepuliza maputo haya yote kwa mapafu yao wenyewe, nami nikawasimamia nikiwa nimeketi. Sijui wilaya nyingine ambako msomi ameshirikishwa kiasi hicho.

("Na ripoti, mheshimiwa?")

Nafika huko. Usafiri endelevu! (Wachache: "Uendelee.") Wasomi mbele! (Sauti kutoka nyuma: "Ripoti kwanza.")

Nimalizie kwa shukrani. Naishukuru kwaya, namshukuru aliyetuazima spika. Kipekee nakushukuru wewe Rhobi na wenzako, na kuhusu ripoti msihofu hata kidogo. Andikeni yote mliyoyaona hapa leo, tulipoanza, waliosema, waliopiga makofi, nami nitagonga muhuri kila ukurasa, kwa sababu, ndugu zangu, mradi wenyewe ndio huu mkutano, hatukuwahi kuwa na mwingine. Asanteni sana kwa kuuhudhuria, na sasa naufunga rasmi.

(Rhobi anaketi, anafungua daftari, anamuuliza jirani yake mkutano ulianza saa ngapi.)