Kazi Yangu Imo Mlangoni

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefyatua matofali tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Lakini Bi Mwanahawa anafungua mgahawa hapa Kibiti, kando ya barabara kuu, na anatafuta wa kumchorea ukuta mzima. Nikamwambia mchoraji ni mimi, Deusdedit wa Mbinga. Akasema nilete kazi zangu Ijumaa azione, maana Nasibu naye ameomba. Nasibu! Anaandika majina ya mitumbwi huko Maparoni, herufi zimelala kama zinaumwa. Nikipata ukuta huu, matofali basi. Nimempigia mke wangu Petronila, nikamwambia nimeshaupata. Amewatangazia majirani. Sasa lazima niupate.

Jumanne, 5 Agosti
Kazi zangu nizipeleke vipi? Nasibu zake anazo kwenye simu kubwa. Yangu kiswaswadu, tochi ndiyo inayofanya kazi. Warda wa duka la picha amenishauri nitengeneze albamu: kurasa chache, kazi bora tu, zinazolingana na biashara ya mteja. Ushauri wa mtu asiyeshika brashi. Papa ukimweka kwenye albamu anakuwa dagaa. Nimerudi chumbani, nikautazama mlango. Mbao safi, na unabebeka. Hakuna mchoraji Kibiti nzima aliyewahi kuwaza hivi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeung'oa, nimechora. Juu herufi. Katikati kazi iliyonipa jina kwetu: nguruwe wa bucha ya Paschal. Mashavu, mkia, hata tabasamu. Mzee Shaabani, mwenye nyumba, akapita, akauliza mlango huu wa nani. Nikamjibu kwa sasa ni wa sanaa. Akaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 7 Agosti
Mpangaji mwenzangu Sabra ameuona, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza, kaka Deusi, hivi unajua yule mama wa mgahawa ni Hajati? Nilijua. Niliposhika brashi nikasahau. Kumfuta nguruwe siwezi, kazi bora haifutwi. Nimempanua mdomo, nimempunguza masikio, nimemtia mto mpaka tumboni. Sasa ni kiboko wa Rufiji. Nasibu angefuta.

Ijumaa, 8 Agosti
Baada ya swala nikaubeba mlango kichwani. Njiani watu wananiuliza nauza bei gani. Nimemkuta Nasibu amekaa, anateleza kidole kwenye simu: samaki, sinia la wali, birika. Bi Mwanahawa akageukia mlango wangu. Akauliza kwa upole, baba, mnyama gani huyu? Kiboko, Hajati. Akauliza mbona mkia umejisokota. Mkia nilikuwa nimeusahau. Nasibu akasema labda ni kiboko wa bara. Wamecheka mpaka wapishi. Bi Mwanahawa akasema hata angekuwa kiboko wa hapa hapa, yeye hauzi kiboko. Ukuta kapewa Nasibu. Mimi akaniambia mtu anayebeba mlango kichwani hashindwi ndoo, nije niwe nachota maji ya ujenzi. Nilimwambia nitafikiria. Nimekubali.
Nyumbani nimekuta mbuzi wa Mzee Shaabani kitandani kwangu, anamalizia shuka. Mzee amesema mlango urudi ulivyokuwa. Nimeurudisha, ila mchoro nimeugeuzia ndani. Naamka nao.

Jumapili, 10 Agosti
Petronila kauliza ukuta umefikia wapi. Nikasema kazi inaendelea. Si uongo, inaendelea.
Kanisani nimetafakari kosa langu. Nimelipata: mlango ulikuwa mdogo. Mtu anausogelea, anaanza kuchungulia mikia.
Baada ya misa nimesikia mwalimu Elinipendo, yule wa Utete, anataka mchoraji wa ukuta wa chekechea. Nimemwambia Jumatano nitampelekea kazi. Nitamchorea ile chupa ya bia niliyoichora kwenye baa moja kwetu, povu lake utadhani linamwagika. Lango la ua la Mzee Shaabani ni la bati, pana, halina hata doa. Alipokwenda kuswali adhuhuri nimezijaribu bawaba. Zinatoka.