Valmora Yataka Wimbo wa Mbelu

Jumatatu, 2 Juni

Nimepata! Miaka yote hii nimepiga kelele kwa makala zangu mbele ya ukuta, leo nimeona tundu.

Valmora. Nchi ndogo kule milimani Ulaya. Raia wake wote ungewaleta uwanja wa mpira wa hapa Kolwezi na viti vingebaki. Kila mwaka inashiriki Mashindano ya Wimbo ya Mataifa, kila mwaka inashika mkia. Waimbaji wamewaishia. Sasa wametangaza: mtu yeyote, wa popote duniani, atume wimbo, na atakayechaguliwa ataimba kwa jina la Valmora. Yeyote! Nimesoma tangazo lote, hata maandishi madogo ya chini. Watu wa nchi hii hawasomi maandishi madogo, ndiyo sababu tuko tulivyo.

Sheria zenye meno ni mbili tu. Wimbo usizidi dakika tatu. Na usiwe umewahi kuimbwa hadharani, mahali popote, na mtu yeyote.

Fikiria! Kongo ina ukubwa wa kutisha na sauti ya mbu. Valmora ina ukubwa wa sahani na inakaa mezani na wakubwa. Basi tukalie kiti cha Valmora. Simu zao zote zimebeba kobalti ya udongo wetu tumboni. Acha na wimbo utoke hukuhuku.

Nimemweleza mke wangu Noëlla. Ameuliza nani ataimba. Nikasema labda mimi. Akasema nikiimba mimi, kuku wa jirani wanaingia ndani wenyewe wakidhani ni mvua.

Jumatano, 4 Juni

Kabeya naye amesikia habari za Valmora! Kabeya ni kiongozi wa kwaya ya parokia. Ana kinanda, ana maikrofoni ya kweli, ana shingo kama ya bata. Ndiye aliyekataa wimbo wangu wa Pasaka, eti beti arobaini dhidi ya makampuni si Pasaka. Leo amenisimamisha sokoni, akaniuliza kwa upole kama ni kweli Valmora inapokea watu wote. (Upole wake ndio unaoniudhi.) Nikamjibu hapana, wanataka wenye diploma. Akasikitika. Nimefurahi mpaka jioni.

Lakini wimbo sina. Nimetunga mmoja, unaitwa "Rudisheni". Noëlla ameusikiliza akimsuka jirani. Jirani ameomba ruhusa, akaenda kwake na nusu ya kichwa.

Alhamisi, 5 Juni

Wimbo ninao. Ulikuwa nyuma ya ukuta.

Dada yangu Mbelu anakaa nyumba iliyogusana na yetu. Kila asubuhi anatwanga sombe, majani ya muhogo, na akitwanga anaimba chini kwa chini, midomo karibu imefungwa. Siku zote nilidhani ni nyimbo za kanisa. Leo nimeweka sikio. Ni kasala. Wimbo wa kwetu sisi Waluba wa Kasai, ambamo marehemu anaitwa kwa majina: kwanza waliomzaa, mmoja baada ya mwingine, kisha yeye mwenyewe, mwisho kabisa. Mbelu anamtungia Josias, mwanawe.

Josias alishuka shimo la mgodi wa Mashamba na wenzake wakati wa mvua za Februari. Maji yakaingia. Wenzake walitoka. Yeye hatujamwona. Bila maiti hakuna kilio, na bila kilio kasala haiimbwi. Kwetu majina yanaitwa mbele ya jeneza, na jeneza halishuki kabla hayajaitwa. Kwa hiyo Mbelu anatembea na wimbo mdomoni tangu Februari na hana pa kuuweka.

Nilikaa chini, mgongo ukutani. Macho yalinijaa maji. Vumbi la malori, bila shaka.

Kisha nikaruka juu. Haujawahi kuimbwa hadharani! Mahali popote! Na mtu yeyote!

Jumamosi, 7 Juni

Mbelu amekataa, halafu amekubali.

Kwanza alisema, kwa heshima ya kaka mkubwa, "Yaya, ile ni ya mutoto wangu. Haiko ya bazungu." Nikazungumza kwa ufasaha wangu wote. Nikamwambia kwamba hapa mjini hata jina la Josias hawalitaji, wanasema "yule kijana wa Mashamba", na vijana wa Mashamba ni wengi. Valmora itamtoa shimoni. Jina lake litaingia sebuleni kwa watu ambao hawajui hata Mashamba iko wapi, watalisikia wakiwa wameshika simu zao.

Akauliza kama majina yote yatabaki. Yote, nikasema. La babu yetu Kabongo, aliyeletwa na treni kutoka Kasai? Yote. La Josias? Nikamwambia hilo ndilo la kwanza kabisa moyoni mwangu.

"Basi, njo vile," akasema, yaani ndivyo hivyo, akarudi kwenye kinu.

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya kurekodi. Jaribio la kwanza: ndani ya kabati la nguo, magodoro mlangoni. Lori la madini likapita, kabati likatetemeka. Jogoo. Muuza maandazi. Mbelu ni mama mwenye mwili, akaomba hewa. Mlango ulikuwa umekwama. Ilibidi Noëlla aje na panga.

Ikabidi twende kwa Kabeya. Mimi! Nimeeleza habari ya diploma kwamba ilikuwa kosa la tafsiri. Amemkalisha Mbelu kwenye kiti chake mwenyewe, amempa maji, amefunga madirisha ya sakristia, kile chumba cha pembeni cha kanisa.

Mbelu ameimba.

Sitaandika vile ilivyokuwa. Nasema tu kwamba Kabeya alivua miwani na hakuivaa tena mpaka mwisho.

Lakini dakika tatu zilipoisha, Mbelu alikuwa bado kwa babu Kabongo! Josias bado yuko mbali. Hajamfikia hata baba yake. Wimbo mzima unapita kiasi mara mbili. Mbelu alipokwisha kutoka, Kabeya ameuliza tukate wapi. Nikasema mwisho. Akasema, "Tata Rémy, kule mwisho njo kuko mutoto." Nikamfundisha kwamba katika sanaa lisilosemwa ndilo linalosikika zaidi, nimelisoma hilo katika vitabu vitatu. Akaniangalia. Akakata.

Mbelu sijamwambia. Ana huzuni ya kutosha.

Jumanne, 17 Juni

USHINDI! Valmora imejibu!

Mama mmoja anaitwa Tatiana, ndiye msimamizi wa nyimbo zao, ameandika Kifaransa safi. Wimbo wetu umo kati ya zile chache watakazochagua. Alilia, anasema, bila kuelewa neno hata moja. Ameuliza unahusu nini. Nimemjibu kwa kurasa nane, kuanzia ukoloni. Amenikumbusha pia sheria ya pili: wanachunguza kila mahali kwenye mtandao.

Nimetangaza sokoni. Nimetangaza barabarani. Nimepita mbele ya parokia mara nyingi, mpaka Kabeya akatoka kunipongeza, akaniharibia raha.

Mbelu hakuruka, hakupiga vigelegele. Ameuliza jambo moja: hao watu wa Valmora, jina la Josias wanalitamka namna gani?

Nikamwambia, vizuri.

Alhamisi, 19 Juni

Wamempata Josias.

Sadrack, mwenzake wa shimoni, amekuja asubuhi na kofia mkononi. Kiangazi kimeingia, maji yameshuka, vijana wamerudi kuchimba na wamemkuta. Wamemtambua kwa mkanda. Ni mkanda wangu wa ngozi. Nilimpa alipofaulu mtihani wa serikali.

Josias alikuwa akisoma makala zangu mpaka mwisho. Katika mji huu mzima, yeye peke yake.

Mazishi ni Jumamosi. Mbelu hakulia. Amesimama kwenye ua, amejinyoosha, kama mtu aliyeambiwa atue mzigo. Ameomba maji ya moto asafishe koo.

Koo! Ndipo nilipoelewa. Nimeingia ndani kusoma sheria upya. Makaburini ni hadharani. Na siku hizi hakuna kilio bila simu juu zikirekodi. Nimesoma mbele, nimesoma nyuma. Hawajaacha mlango.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemwomba Mbelu asiimbe kesho.

Nilimweleza vizuri. Kwamba makaburini watasikia watu wa mtaa tu, na Valmora ni dunia. Kwamba ni suala la kungoja. Kwamba anaweza kuimba wimbo wowote wa kanisa, ziko nyingi na nzuri, hata kama ni za Kabeya. Alikuwa akikunja shati la Josias. Akalikunjua, akalikunja tena.

"Na majina, Yaya? Nani ataita majina?"

Nikasema mimi. Mimi ni mjomba mkubwa, nitayaita kwa maneno ya kawaida, bila sauti ya wimbo. Kisheria si kuimba.

"Sawa," akasema. "Weye njo munene." Munene, yaani mkubwa.

Noëlla alisikia kupitia ukutani. Ameniwekea bukari, ugali mtupu, mezani. Nimeuliza mboga. Amesema mboga nikaombe Valmora.

Jumamosi, 21 Juni

Tumemzika.

Watu wengi. Wachimbaji walikuja na vumbi lao, hawakupita nyumbani. Jeneza jepesi. Vijana walilishika kwa kamba juu ya kaburi na wote wakamgeukia Mbelu. Wakangoja. Mbelu alitazama chini, midomo imefungwa kabisa sasa. Wakangoja. Mama mmoja akamnong'oneza, mwite, mwite mwanao. Mbelu akatikisa kichwa, akanionyesha mimi.

Nikasogea mbele. Nikafungua mdomo. Mimi, niliyefukuzwa redio mbili kwa kutonyamaza! Majina nayajua, tulifundishwa tungali watoto. Nikasema "Kabongo". Jina la pili halikuja. Nikamwona Sadrack ameshika mkanda wangu. Nikajaribu tena, nikasikia ninasema kuhusu Mkutano wa Berlin. Sikuweza kuacha. Nilikuwa nimefika kwenye bei ya kobalti Noëlla aliponivuta koti. Vijana kamba zinawakata viganja, na jeneza linaning'inia, si juu, si chini.

Ndipo Kabeya alipoanza. Kutoka nyuma kabisa, na shingo ile ya bata. Kasala ya Mbelu, yote, kama alivyoisikia sakristiani. Hakukosea jina. Babu Kabongo na treni yake, baba zake, mama zake, wote, akashuka nao taratibu mpaka chini. Kila jina Mbelu alipiga ardhi kwa kiganja. Na alipofika mwisho, alipoita Josias, wachimbaji wote wakaitika kama vile wameitwa wao.

Jeneza likashuka.

Mimi? Simu zilikuwa juu. Nilikimbia mbele ya simu hizo nikipunga mikono, hapana, hapana, teremsheni! Watu wakadhani uchungu umenipanda kichwani. Mama mmoja akanikumbatia, akanishikilia kwa nguvu. Kutoka kifuani mwake sikuona kilichobaki.

Jumanne, 24 Juni

Tatiana ameandika. Wameiona video. Sadrack ameiweka kwenye mtandao na imepita Kolwezi, imepita Lubumbashi, imefika Valmora. Anasikitika sana. Sheria ni sheria. Anasema pia kwamba ule wimbo mzima ni mzuri kuliko kipande nilichomtumia, na kwa nini sikumwambia kwamba ni wimbo wa mtoto aliyekufa?

Nimemwandikia Kabeya barua ya wazi. Nimemwita mhujumu na mtumishi wa utaratibu uliopo.

Mchana Mbelu amekuja. Hakukaa. Ameuliza kama kule Valmora, kabla ya kuutupa wimbo, walau walisikia jina la Josias.

Nikasema, walisikia.

Akaniangalia. Akafungua kitenge, akatoa mkanda wangu, akauweka juu ya meza, akatoka. Baadaye Noëlla ameniambia kwamba Kabeya alimpelekea Mbelu nakala tangu Jumapili. Zote mbili, ile nzima na ile fupi. Alidhani Mbelu anajua kwamba tulikata.

Huyo Kabeya!

Jumapili, 28 Septemba

Jana mashindano yamefanyika. Valmora imeimbiwa na kijana mmoja wa nchi nyingine, wimbo kuhusu bahari. Valmora haina bahari! Imeshika mkia. Haki! Nimeandika makala ndefu juu ya jambo hilo. Nimeiacha mezani. Hakuna aliyeigusa.

Lakini habari kubwa ni hii. Ostrelle! Kisiwa, kidogo hata kuliko Valmora, kitashiriki mwaka ujao kwa mara ya kwanza na kinatafuta sauti popote duniani. Sheria ya pili ni ileile. Ila hawa wanatoa dakika saba. Saba! Josias angeenea na nafasi ingebaki.

Basi, huo umekwisha kuimbwa. Unahitajika mwingine. Na mama yetu Elise, kule Lubudi, anakohoa tangu kiangazi. Mtu wa miaka yake ana majina mengi mno. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba kasala yake haijaimbwa, na mtunzi mwenye akili huanza mapema.

Tangu asubuhi nimekaa chini ya ukuta na simu imewashwa. Mbelu anatwanga sombe. Nasikia mchi. Mchi, mchi, mchi tu. Tangu Juni ni hivyohivyo. Noëlla amepita na ndoo, amesema, "Toka hapo, Rémy. Haimbi tena."

Noëlla hajui mambo ya sanaa. Ukimya mrefu namna hii, kwa mtu kama dada yangu, una maana moja tu. Anatunga.