Nukta Nne Isiyoonekana

Jumatatu, 6 Mei

Sala, chai, furaha! Mahubiri ya jana bado yananichemka kichwani: imani kiasi cha chembe ya haradali yatosha kuhamisha mlima. Mhubiri hakusema chembe yenyewe ina ukubwa gani. Basi leo nimeipeleka karakanani na kuibana kwenye maikromita yangu, kile kipimio cha vitu vyembamba. Thau sabini!

(Thau, kwa yeyote atakayesoma haya nikishaitwa na Mola, ni inchi moja iliyogawanywa vipande elfu. Kipande kimoja ni chembamba kama unywele wa mtoto mchanga.)

Thau sabini tu, na mlima unaondoka! Nimejiona tajiri wa imani tangu asubuhi.

Shemeji akaniharibia. Ni ndugu wa mke wangu, tunagawana karakana, mashine ya kukereza chuma ya kushoto ni yangu, ya kulia yake. Tunamwita Kikokotoo kwa sababu hawezi kujumlisha mbili na mbili bila kubofya kile kimashine chake. Akauliza hiyo haradali ni maikroni ngapi, maana mashine zetu zinasoma milimita, na maikroni ni milimita iliyokatwa vipande elfu. Nikamjibu papo hapo: thau moja ni maikroni ishirini na tano, kwa hiyo elfu moja mia saba hamsini. Akabofya, akabofya, akasema hapana, thau moja ni ishirini na tano nukta nne, jibu ni elfu moja mia saba sabini na nane.

Nikamuuliza hizo maikroni ishirini na nane za imani atakuja kuzidai nani, malaika?

Akarudi kwenye mashine yake. Nimeshinda! Nukta nne nimeitupa rasmi. Kitu ambacho hata vumbi haliwezi kukiona hakina haki ya kunichelewesha.

Jumanne, 7 Mei

Msiba wenye baraka ndani yake. Mashine ya kusaga ya mama mkwe imekatika shafti, ule mhimili wa chuma unaoizungusha!

Amekuja mwenyewe, vipande viwili amevibeba kifuani kama mtoto mgonjwa. Akatangaza kwamba mashine isiposaga kufikia Ijumaa ataifunga na kuhamia kwetu, maana yeye halali nyumba iliyonyamaza. Na atalala kile chumba kidogo. Chumba changu! Humo nasali, humo nimeweka kiti changu, humo nalala kidogo baada ya chakula huku familia ikidhani nasali.

Niseme ukweli, wewe shajara ni rafiki. Miaka ishirini ya ndoa mama mkwe hajawahi kuniita mkwe, wala fundi. Ananiita "yule". Nimekaa mbele yake anamuuliza binti yake, "Yule ameshakula?"

Akasema kazi atapewa atakayemtajia saizi kwanza, hana siku ya kupoteza. Mashine yake ni kongwe, ya inchi. Nikarukia tundu la beringi, pale shafti inapoingia, na maikromita. Thau elfu moja na mia tano, yaani inchi moja na nusu, safi kabisa! Kikokotoo akatoa kimashine. Betri imelala. Anakipiga kofi, anakisugua shatini. Mimi tayari nimepaza sauti: milimita thelathini na saba na nusu!

Mama mkwe akasema basi, apewe yule.

Kikokotoo akaninong'oneza, shemeji, pima tena, piga hesabu tena, mzigo huu si haradali. Nikamwambia wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Yeye amekonda tayari.

Jumatano, 8 Mei

Nimekereza shafti huku naimba. Imetoka inang'aa hata nimejiona pua. Thelathini na saba na nusu kamili, si zaidi, si pungufu.

Nikaijaribu kwenye beringi. Iliingia bila kusukumwa. Ikatoka bila kuvutwa. Nikasema hii ndiyo neema.

Kikokotoo akapita, akaitazama, akasema imepungua kiuno. Nikaifunika kwa aproni, shafti ya watu haitazamwi hivyo.

Usiku mezani nikamsimulia mke wangu jinsi nilivyomzidi ndugu yake. Badala ya kunipa hongera akaacha kula. Akauliza hiyo nukta nne nimeitupa mara ngapi. Mara moja, nikasema. Akasema hapana baba watoto, umeitupa kwa kila thau, na thau zako ni elfu na mia tano. Haba na haba hujaza kibaba.

Nikamweleza kwa upole kwamba kibaba ni cha unga. Hapa tunaongelea chuma.

Alhamisi, 9 Mei

Shafti inacheza kidogo. Si sana. Ukiitikisa inalia kama kijiko ndani ya kikombe.

Nikapiga magoti nyuma ya mashine. Aliyezidisha mikate mitano hawezi kushindwa na maikroni mia sita. Nikafumbua macho, nikapima: bado vilevile. Lakini palikuwa na kopo tupu la maziwa miguuni pangu! Kama hilo si jibu, ni nini? Nikakata utepe wa bati, nikauzungushia shafti mara mbili, nikapaka grisi nyingi. Kimya. Hailii tena. Ukiitazama kwa mbali, na giza likiwepo, ni shafti ya kiwandani.

Kikokotoo akauliza kwa nini nanuka maziwa. Nikamwambia ashughulike na betri zake.

Ijumaa, 10 Mei

Nitaandika yote.

Wateja walikuwa wamepanga foleni na mahindi yao tangu alfajiri. Mama mkwe amevaa gauni jeusi la ibada, kwa heshima ya mashine. Nikaomba tufumbe macho kwa sala fupi. Nikawasha. Ikasaga! Dakika nzima ikasaga! Mama mkwe akanigeukia, mdomo umefunguka, na naapa alikuwa anaanza herufi ya F.

Ndipo utepe wa kopo ukatoka. Ulipita juu ya foleni ukipiga mluzi, wote wakainama kama wanaomba toba. Shafti ikaanza kurukaruka. Mashine ikarukaruka nayo, ikang'oa skrubu zake sakafuni, ikaanza kutembea. Ilitembea hadi mlangoni, ikaugonga kama mgeni mwenye haraka, ikavunja komeo, ikazimika. Halafu unga ukashuka polepole.

Mama mkwe alikuwa mweupe kutoka kichwani hadi miguuni. Angeweza kudhaniwa malaika, ila malaika hawana maneno yale. La mwisho lilikuwa "Yule!"

Kikokotoo akaja na betri mpya. Akapima tundu, akapima shafti, akabofya. Akaniambia thau elfu na mia tano ni milimita thelathini na nane nukta moja. Umepungukiwa zaidi ya nusu milimita, shemeji, hapo panya angepita na mizigo.

Panya hapiti. Ametia chumvi tu!

Jioni mama mkwe kawasili na mabegi mawili. Yupo chumbani kwangu. Yupo kwenye kiti changu. Viatu vyangu vimetolewa nje.

Jumamosi, 11 Mei

Kikokotoo amekereza shafti mpya na mashine inasaga. Wakati wa chai mama mkwe amemwita "fundi" kila alipomeza. Mimi ameniulizia kupitia kwa mke wangu kama yule hukoroma pia mchana. Amegundua mto wangu wa sala una mate.

Lakini mashine inasaga! Basi si arudi kwake? Nikamsogezea mabegi mlangoni, kwa adabu.

Akayarudisha. Akasema komeo la mlango wa mashine limevunjika, na yeye hatalala pale mpaka mlango ufungike. Akatafakari sana. Mwisho akamwambia mke wangu kwamba pini ya komeo ni kitu kidogo, hata yule anaweza.

Hata yule! Nimepewa nafasi ya pili!

Jumapili, 12 Mei

Mahubiri: toba. Nililia hadi jirani wa benchi akanipa leso. Nimeliona kosa langu wazi kama jua. Kosa langu lilikuwa uchoyo! Kila thau ilinidai chake kidogo, nami nikainyima. Mtu anayekata hata nukta nne ya mwenzake atasimamaje mbele ya Mola?

Jumatatu, 13 Mei

Mimi ni mtu mpya. Kuanzia leo thau moja ni maikroni ishirini na sita. Nimeirudisha nukta nne, na juu yake nimeongeza fadhila.

Tundu la komeo lina thau mia tano. Mara ishirini na sita: milimita kumi na tatu kamili, bila nukta, bila betri, bila Kikokotoo. Mke wangu aliuliza kama nimemwonyesha kaka yake. Nikamwambia moyo uliotubu hauhitaji kikokotoo.

Pini imetoka nono, nzito, inang'aa. Hii haitacheza! Sijaijaribu kwenye tundu. Kujaribu ni kukosa imani, na mimi ninazo thau sabini nzima.

Nilimpelekea mama mkwe pale kitini kwangu. Akaipima kwa kiganja, akakunja uso, akasema, "Tutaona, fundi."

Fundi! Mke wangu ni shahidi!

Nimemsaidia kufunga mabegi yote mawili. Kesho analala kwake. Viatu vyangu nimeshavirudisha ndani.