Mzee Kidole Arudi Kutoka Kunywa Chai

Hamza Mwinjuma alikuwa na mkono mmoja ndani ya sinia la pilau la watu wengine alipoiona bahati yake.

Ilikuwa Ijumaa, katika mkahawa mdogo wa Al Wakrah ambako Waswahili wa Doha hukutana siku ya mapumziko kula chakula cha kwao na kusutana. Mezani walikuwepo Nyanchama, nesi wa Kisii mwenye ulimi mkali. Shabani, mlinzi mpole wa Morogoro. Na Bi Time, Mzanzibari wa makamo, msimamizi wa chumba cha mashuka katika hoteli moja kubwa. Hamza, dereva wa limuzini kutoka Tanga, anayevaa suti ya kazini hata siku ya mapumziko, hakualikwa. Alipita tu, akasalimia, akanawa, akakaa.

"Manze, mimi nimechoka na huyu Benard wa kago," Nyanchama alikuwa akilalama. "Nilimpa boksi mwaka jana, cherehani ya dada yangu. Dada ameshapata na wateja wa kushonea, msichana anangoja tu mashine. Nikipiga simu, ati meli imechelewa. Hiyo meli inapigwa makasia?"

Shabani alikohoa, akaitazama sahani yake. "Enzi za Mzee Kidole," akasema, "boksi lingekuwa limefika zamani."

Meza nzima ikashusha pumzi kama wafiwa.

Kwa wasiokuwepo, na kwa waliokuwepo wakajisahaulisha: kabla kila mwenye simu hajawa mtangazaji, mji huu ulikuwa na blogu moja ya Kiswahili iliyoitwa Kibaraza cha Zamu. Mwandishi wake alijiita Mzee Kidole kwa kuwa kazi yake ilikuwa kunyoosha. Hakuna aliyemjua. Aliwanyooshea mawakala wa ajira hewa, mameneja waliofungia pasipoti za watu, wenye mabasi ya joto kama tanuri, na kila andiko lilianza kwa maneno yale yale: "Enyi wenye zamu." Watu walikwenda intaneti kafe, wakasubiri ukurasa ufunguke taratibu kama pochi ya bahili, wakasoma, wakaacha maoni marefu kuliko andiko lenyewe.

Halafu mitandao mikubwa ikatuita: njooni huku, ni bure! Tukahama mbio, tukakiacha kibaraza chetu wenyewe, tukaenda kupanga uani kwa watu. Kule tukapewa makundi ya wasap yenye mawaridi ya habari za asubuhi. Kisha tukapewa video. Kisha wakaja vijana wanaokula biriani ya bure mbele ya kamera, wakifumba macho kana kwamba wameiona pepo, nao wakaitwa vyombo huru vya habari. Huru! Hawana uhuru hata wa kusema biriani imezidi chumvi. Na Mzee Kidole, siku moja isiyo na jina, akaandika mstari mmoja: "Nakwenda kunywa chai, nitarudi." Chai hiyo ikachukua miaka kumi.

Hamza aliacha kutafuna. Hapa pana jina kubwa lisilo na uso, akawaza, na mimi nina uso mzuri usio na jina.

Tapeli mchanga angesema, "Kidole ni mimi." Hamza alikuwa fundi. Yeye alikana.

Alipaliwa na pilau, akageuka nyuma kama mtu anayefuatwa, akanong'ona, "Tusiyazungumze hayo hapa."

"Yepi?" akauliza Shabani.

"Ya huyo mtu. Mimi simjui. Mbona mnaniangalia?"

Hakuna aliyekuwa akimwangalia. Sasa wote wakamwangalia. Hamza akainuka, akajifuta midomo, akasema kwa haraka, "Haya, enyi wenye zamu, mimi..." Kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Kijiko cha Nyanchama kikaanguka. "Wewe! Ni wewe?"

"Sikusema kitu."

Bi Time alikuwa amemkazia macho juu ya miwani yake, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Mara akapiga makofi. "Ewe Mola! Kumbe ndiye weye?"

"Mimi siye, Bi Time. Wallahi siye."

"Siye kabisa," Bi Time akakubali polepole. "Haya kaa, mwanangu. Kaa ule na kuku."

"Na boksi langu, Mzee?" Nyanchama akamshika mkono wa suti. "Si utanisaidia?"

"Litafika," alisema Hamza, kwa sauti nzito ya mtu asiyekusudia kubeba boksi lolote maishani mwake. "Nakuahidi, dada."

Habari ilitembea mjini kwa kasi ya uvumi unaosindikizwa na Bi Time mwenyewe, maana yeye ndiye aliyeipeleka kila mahali: msikitini, kituo cha metro, makazi ya wahudumu wa hoteli. "Msimwambie mtu," aliwaambia wote, mmoja mmoja.

Oo, raha aliyoiona Hamza! Kinyozi akamnyoa akakataa malipo. Vikombe vya karak, chai ya maziwa ya huko, vikamfuata kama paka. Mabinti wa Mombasa wakamtumia sambusa kwa kupokezana. Wanaume wenye mvi walimsimulia, machozi yakiwalengalenga, jinsi alivyowaokoa na wakala fulani mwaka fulani, naye akatikisa kichwa kwa unyenyekevu na kusema, "Nilifanya tu lililobidi." Alipoombwa athibitishe, alikana. Kila alipokana, alizidi kuaminiwa. Na tusimlaumu peke yake: mji uliozoea kuamini kila anayejitangaza ulimwona asiyejitangaza kuwa mtume.

Hatimaye alikuja samaki mnene, Benard mwenyewe wa Uaminifu Kago, na miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Bro, tuongee kikubwa," alisema. "Watu wananisema vibaya. Nimelipa hao watoto wa video wanisifu, lakini nani anaamini mtu anasifu kago huku anacheza? Wewe ukisema kitu pale kwa ile blogu yako ya zamani, Waswahili wote wananyamaza."

"Mimi siye, Bwana Benard."

"Najua wewe siye," Benard akakonyeza. "Lakini huyo asiye wewe akitaka apatimenti hapa Wakrah, vyumba viwili, balkoni inaangalia bandari, kodi nishalipa mwaka mzima, atapata funguo leo."

Hamza alikifikiria kitanda chake kule Al Thumama. Chumba cha watu sita. Kitanda cha juu, chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji katikati ya paji la uso. Miaka yake yote ya Doha alikuwa akiota jambo moja tu: mlango ambao akiufunga, ndani anabaki yeye peke yake.

"Anasema atazichukua," alijibu.

Akahamia. Alilala mshazari juu ya kitanda kikubwa, kwa kuwa hakuna wa kumkataza. Alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, akicheka peke yake.

Kasoro ilikuwa moja, nayo ndogo tu: hakuwa na nywila ya ile blogu. Benard alipouliza sifa zake ziko wapi, Hamza alisema blogu iliyolala miaka haifunguliwi kama friji. Alipouliza tena, akaambiwa mwandishi anasubiri maneno yaive. Mara ya tatu Benard hakuuliza. Alikodi ukumbi.

"Ijumaa," alisema. "Nimealika kila mtu. Nitaweka skrini kubwa. Wewe unabonyeza, sifa zinatokea, tunakula mbuzi. Ama unanirudishia funguo."

Ijumaa hiyo ukumbi ulifurika. Nyanchama alikaa mbele na manesi wenzake. Bi Time alikaa karibu na mlango, simu mkononi, miwani imemshuka puani. Hamza alidhani anatafuta namna ya kupika kitu. Shabani alikuwa pembeni ya Bi Time. Ukutani, kwenye skrini, ule mstari wa zamani ulikuwa ukitazama watu: "Nakwenda kunywa chai, nitarudi."

Mpango wa Hamza ulikuwa wa heshima kabisa. Angebonyeza simu yake kwa madaha, kitu kisitokee, asikitike, aulaumu mtandao, apate mwezi mwingine wa kulala mshazari. Nani atapinga? Mtandao umeshabebeshwa dhambi za watu wote.

Akanyanyua simu. Akanyoosha kidole hewani. Akabonyeza. Alichobonyeza, ili ukweli usemwe, kilikuwa kikokotoo.

Skrini ikabadilika.

Hamza aliitazama simu yake. Ilisema saba. Akaitazama skrini. Ilisema: "Enyi wenye zamu, chai imekwisha. Samahani, ilikuwa ya moto."

Ukumbi ulilipuka. Watu walikumbatiana, viti vikaanguka, mtu mmoja wa Bububu alilia waziwazi. Benard, akitabasamu meno yote, akachukua kipaza sauti na kuanza kusoma kwa sauti, asisubiri kuona mwisho.

"'Namshukuru Bwana Benard wa Uaminifu Kago, aliyenipa nyumba Al Wakrah yenye balkoni ili nimsifu.' Eh... 'Namsifu basi. Ghala lake ni safi, kavu, lina kiyoyozi. Nalijua vizuri kwa kuwa maboksi yenu yamo humo tangu mwaka jana, hayajaona jua. Nauli mliyolipa imekwishageuka lile gari jeupe nje...'"

Alikuwa ameshalisoma gari kabla ya kutambua kuwa ni lake. Akashusha kipaza sauti. Hakukuwa na haja ya kuendelea, kwani picha ya ghala ilikuwa imetokea, na ukumbi mzima ukasoma yaliyobaki kwa pamoja kama darasa la kwanza: "Boksi la Nyanchama lipo mstari wa pili, chini ya zulia. Nilimwahidi litafika. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni mwa ghala, nitayabeba yote kwa mabega yangu mwenyewe. Njooni mnione."

Benard alimshika Hamza ukosi wa suti. "Unakaa kwa nyumba yangu, unaniandika?"

"Mimi siye!" Hamza akapiga kelele, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa akisema kweli kwa moyo wote. "Jamani, nisikilizeni! Naapa mimi siye Mzee Kidole! Nimewadanganya! Simjui!"

Kisha Nyanchama akageuka nyuma, akaweka kidole mdomoni, akawakonyeza watu, na ukumbi mzima ukaitikia kwa sauti moja:

"Tusiyazungumze hayo hapa!"

Wakambeba juu juu.

Asubuhi, mbele ya ghala, walikusanyika wengi na simu zao hewani. Mlinzi wa ghala aliufungua mlango kabla hajaombwa, na mlinzi huyo, wapenzi, alikuwa Shabani. Benard alizitazama zile simu, akatazama gari lake jeupe, akaagiza kontena. Ili kulinda heshima yake, akasema hilo ndilo lililokuwa limechelewa kufika.

Na Hamza akabeba. Angefanyaje? Kila alipotaka kupumzika, umati ulimshangilia, akanyanyua jingine. Boksi la cherehani lilikuwa zito kuliko yote. Nyanchama alitembea kando yake hadi kwenye kontena, akigonga ubavu wa boksi kwa kiganja kama mtu anayemsindikiza ng'ombe wake.

"Buda, nilidhani wewe ni maneno tu," alimwambia. "Nisamehe."

Alipokwenda kuketi kivulini, suti imelowa chapa mwilini, Bi Time alimjia na chupa ya chai.

"Kunywa, mwanangu. Yangu nilishaimaliza."

Hamza alipokea kikombe. Kikafika mdomoni. Kikasimama. Akamtazama: miwani, simu, kidole cha shahada kilichochongoka kwa kuhesabu mashuka.

"Bi Time... ni wewe?"

"Tusiyazungumze hayo hapa," akasema Bi Time.

"Ulijua siku ile ile! Mbona hukuniumbua?"

"Nikuumbue kwa nini? Walipoanza kunitafuta, miye niliacha. Wakubwa pale kazini walikuwa wakiulizana nani anaandika, nani anaandika. Hofu ikanishika, nikasema nakwenda kunywa chai. Miaka kumi kidole kinaniwasha, sina pa kujificha. Mara unakuja weye, na suti yako, unakula pilau langu, unajitolea." Akamfuta vumbi begani kwa upendo wa kweli. "Nilikuwa nahitaji uso, mwanangu. Wangu nautumia kazini."

"Na picha za ghala?"

"Kibaraza hakikuwa changu peke yangu hata siku moja. Kina Shabani ndio walioniletea habari, hata za hiyo nyumba. Miye kazi yangu kidole tu."

Hamza alikunywa chai akitafakari. Mabega yalimuuma, lakini moyo wa mjanja hauchoki kupiga hesabu. "Sawa," alisema. "Wewe andika, mimi niwe uso. Lakini nyumba yangu naikalia. Benard hathubutu kunitoa sasa, anaogopa utaandika."

"Hathubutu kabisa," Bi Time akakubali. "Umeisoma ya leo?"

Simu za watu zilianza kulia uwanjani, moja baada ya nyingine. Vigelegele vikapaa. Hamza alitoa yake.

"Enyi wenye zamu," ilisema blogu. "Nyumba niliyopewa Al Wakrah ni kubwa mno kwa mtu mnyenyekevu kama mimi. Kuanzia leo nawaachia dada zetu waliotoka kwa waajiri na hawana pa kulala wakati wakitafuta kazi nyingine. Funguo atawapa Bi Time, mama mmoja mwaminifu. Mimi narudi Al Thumama, kitanda changu cha juu. Msinishukuru."

Walimshukuru. Walimkumbatia mpaka mbavu zikalia. Nyanchama alilia begani mwake. Katikati ya kukumbatiwa huko, mkono mmoja mpole, uliozoea kuchomoa foronya bila kumwamsha mgeni, ulichukua funguo mfukoni mwake.

Jioni, juu ya kitanda chake, Hamza alilala chali akisubiri tone. Likaja, katikati ya paji la uso. Chini yake kijana mgeni, aliyefika Doha wiki hiyo, alikuwa akimchungulia kwa macho ya kuabudu.

"Samahani, kaka. Wananiambia wewe ndiye Mzee Kidole."

"Mdogo wangu," alisema Hamza, akainuka kwa kiwiko, akaweka mkono kifuani, "kwa haki ya mama yangu aliyenizaa, mimi siye."

Kijana akatabasamu hadi masikioni. Akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akashusha sauti.

"Nimekuelewa, Mzee," akasema. "Sasa, kuna wakala mmoja alinifanyia hivi..."